Rod Serling na Kalamu ya Mdhamini

Muhula uliopita kikundi chetu cha sanaa kiliandaa igizo la dakika 40 kwa ajili ya usiku wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Mimi ndiye niliyeliandika. Lilimhusu binti mmoja wa chuo aliyekopa kwa wale wakopeshaji wa kwenye simu akingojea bumu, halafu bumu likachelewa, basi akaanza kuuza vitu: simu, kisha vitabu, mwisho godoro. Siku mbili kabla ya onyesho, mmoja wa wadhamini akatuomba tuondoe kile kipande cha mkopo. Hakututisha hata kidogo. Aliomba kwa adabu, na soda tuliletewa. Tukakiondoa. Binti akabaki anauza godoro bila sababu, ukumbi ukacheka sana, maana mtu anayeuza godoro lake bila sababu ni kichekesho kweli.

Watu walinipongeza. Mimi nililala vibaya usiku ule.

Wiki chache baadaye, nikitafuta mfano wa assaimenti ya fasihi kuhusu kazi za kitabuni zinazohamishiwa jukwaani na kwenye skrini, nikakutana na mtu anaitwa Rod Serling. Ukiwahi kuona ile filamu ya mwaka 1968 ya sayari inayotawaliwa na sokwe, Planet of the Apes, basi umeshaonja mkono wake, maana ni mmoja wa wawili walioitoa kwenye riwaya ya Mfaransa Pierre Boulle. Lakini kilichonikamata si filamu hiyo. Ni miaka yake ya mwanzo, wakati televisheni ya Marekani ilikuwa inaigiza mubashara na yeye alikuwa kijana anayeandika kwa pesa ya wadhamini. Naomba niwasimulie, wanachuo wenzangu, kwa sababu naona alipita njia tunayopita sisi, ila yake ilikuwa na miiba mirefu zaidi.

Serling alizaliwa tarehe 25 Desemba 1924 mjini Syracuse, jimbo la New York, katika familia ya Kiyahudi, na akakulia mji mdogo wa Binghamton. Baba yake alikuwa muuza duka. Mtoto alikuwa msemaji kupindukia, yaani yule ambaye safari nzima anaongea yeye, anaigiza sauti, anauliza na kujibu mwenyewe. Shuleni walimu wengine walimwona msumbufu tu. Mwalimu wake wa Kiingereza, Helen Foley, ndiye aliyeona kwamba usumbufu ule una kazi, akamsukuma kwenye maigizo na mdahalo. Baadaye Serling alimpa jina hilohilo mhusika mmoja wa tamthilia zake, mwanamke mwalimu. Sisi wa ualimu tuliweke hilo moyoni. Kuna mwanafunzi mahali anasubiri mtu amwambie kwamba kelele zake ni kipaji.

Alipomaliza sekondari mwaka 1943 alijiunga na jeshi mara moja, akawa askari wa miavuli. Alikuwa mfupi, hivyo jeshini akapigana ngumi uzani mwepesi mpaka akavunjwa pua. Akapelekwa vitani Ufilipino, kisiwa cha Leyte na baadaye Luzon, akajeruhiwa. Huko alimwona rafiki yake akiuawa na sanduku la chakula lililodondoshwa na ndege yao wenyewe. Hakuuawa na risasi ya adui. Aliuawa na chakula, tena katikati ya mapumziko. Na baba yake alipofariki ghafla kwa moyo mwaka 1945, Serling hakupewa ruhusa ya kwenda kuzika. Ukisoma kazi zake ukijua hayo mawili, unaelewa kwa nini kifo kwake huja kwa njia ya kijinga, na kwa nini wanaume wake wa makamo wanatamani kurudi nyumbani ambako hawarudi tena.

Baada ya vita serikali iliwalipia askari waliorudi masomo ya chuo. Serling akaenda Antioch College, Ohio, akiwa na nia ya kusoma elimu ya viungo. Kumbe kichwani kulikuwa na mzigo wa kutua. Akahamia fasihi na uandishi, akaanza kuandika michezo ya redio. Hela ya matumizi ilipokata alijaribu miavuli mipya ya jeshi kwa malipo ya kila mruko, jambo ambalo linafanya biashara zetu za kuuza maandazi hosteli zionekane salama kabisa. Mwaka 1948 akamuoa Carol Kramer, mwanafunzi mwenzake. Mwaka 1949 akashinda zawadi katika shindano la kitaifa la michezo ya redio. Halafu akaajiriwa redioni Cincinnati kuandika maneno ambayo hayakumpendeza, na usiku alipotoka kazini akakaa jikoni kuandika ya kwake. Yalirudishwa moja baada ya jingine. Arobaini hivi yalirudishwa mfululizo.

Hapa lazima nieleze televisheni ile ilivyokuwa, la sivyo hamtaona uzito wa kilichofuata.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, New York kulizuka vipindi vya michezo ya kila wiki. Haikuwa tamthilia ya mfululizo kama tulizozoea, ambapo wahusika ni walewale miaka mitatu. Kila wiki ilikuwa hadithi mpya, waigizaji wapya, mandhari mpya, na kila kitu kilikwenda hewani papo hapo. Kraft Television Theatre kilianza 1947, kikilipiwa na kampuni ya jibini. Studio One kilianza kwenye televisheni 1948. Mwigizaji akisahau neno, taifa zima linamwona akisahau. Akitoka sebuleni kwenda gerezani, anakimbia nyuma ya pazia akivua koti, huku kamera nzito zikiburuta nyaya zake sakafuni na taa zikichoma kama jua la mchana. Hakuna kusema turudie. Kumbukumbu nyingi zilizobaki zilipatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni wakati mchezo unaendelea, ndiyo maana picha zake zina ukungu.

Kila wiki hadithi mpya maana yake ni njaa isiyoshiba. Hadithi zitoke wapi? Studio za Hollywood zilishika haki za riwaya na michezo mingi mikubwa na hazikutaka kuilisha televisheni, mpinzani wao. Basi waandishi wakageukia kazi za zamani ambazo hazidaiwi na mtu, na hadithi fupi ambazo hakuna aliyezigombania. Ndani ya miaka michache Studio One ilikuwa imemweka kijana Charlton Heston katika Jane Eyre, Wuthering Heights na Macbeth. Mwaka 1949, Worthington Miner aliweka Julius Caesar ya Shakespeare katika mavazi ya wakati wake, makoti na sare za kijeshi, watu waliotoka juzi kwenye vita vya madikteta wakaelewa bila kuambiwa. Mchezo huohuo ndio Mwalimu Nyerere aliouleta kwa Kiswahili mwaka 1963. Kazi moja, nguo tofauti, na kila mahali inauliza kuhusu madaraka. Hata riwaya ya Joseph Conrad kuhusu Kongo, Heart of Darkness, iliigizwa mwaka 1958 kwenye kipindi cha Playhouse 90, Boris Karloff akiwa Kurtz. Msitu wa Kongo ukajengwa ndani ya studio California.

Kuhamisha kitabu ni kukata, hilo tunafundishwa darasani. Riwaya ya kurasa mia tatu haiingii kwenye saa moja yenye matangazo ndani yake. Unatupa mhusika, unaunganisha sura mbili, unaacha kizazi kizima. Kisu hicho ni halali, kwa sababu kinatafuta moyo wa kazi. Lakini kulikuwa na kisu cha pili, na Serling ndiye aliyenifundisha kukitofautisha na kile cha kwanza.

Jina lake lilipanda usiku mmoja. Tarehe 12 Januari 1955, Kraft walirusha mchezo wake Patterns, kuhusu kampuni kubwa inayomsukuma nje mzee mmoja kwa dharau ya kila siku mpaka avunjike, huku kijana aliyeletwa kushika nafasi yake akitazama na kuona aibu. Alikuwa ameshauza michezo zaidi ya 70 kabla ya huo, na watu hawakumjua. Asubuhi iliyofuata walimjua. Maombi yakawa mengi hadi waigizaji wakaitwa tena studio na kuuigiza upya wote mubashara tarehe 9 Februari, jambo ambalo halikuwa kawaida kabisa. Hakukuwa na mkanda wa kurudia, ndugu zangu. Ilibidi binadamu warudie. Akapata tuzo ya Emmy.

Mwaka uliofuata ukaja Requiem for a Heavyweight, wa dakika 90, kwenye Playhouse 90 tarehe 11 Oktoba 1956. Bondia amechakaa, daktari anamwambia basi, na meneja wake mwenye madeni anataka kumvalisha mavazi ya kichekesho apigane mieleka ya kuchekesha watu. Jack Palance ndiye bondia. Ed Wynn, mchekeshaji mkongwe wa miaka 69 ambaye hakuwahi kuigiza jambo zito, alipewa nafasi ya mzee anayemhudumia bondia pembeni mwa ulingo. Kwenye mazoezi alisahau maneno kila mara. Mwanawe Keenan, aliyekuwa kwenye mchezo huohuo, akateseka kwa aibu na huruma. Mwigizaji mwingine akaandaliwa kimyakimya achukue nafasi yake. Usiku wa kurusha, mzee akasimama na kuigiza kama vile amefanya hivyo maisha yote. Miaka mitatu baadaye alikuwa kwenye filamu ya The Diary of Anne Frank, akateuliwa kugombea Oscar. Serling akapata Emmy ya pili, na baadaye nyingine kwa The Comedian ya mwaka 1957, aliyoitoa kwenye hadithi ya Ernest Lehman.

Sasa kisu cha pili.

Wadhamini ndio waliolipa vipindi hivi, na waliona kwamba anayelipa ana haki ya kushika kalamu. Serling alisimulia mara nyingi mambo ambayo ukiyasikia unacheka kwanza. Katika mchezo uliodhaminiwa na watengeneza laita, mhusika hakuruhusiwa kuomba njiti ya kiberiti. Kampuni ya magari ya Ford ilipodhamini, ghorofa la Chrysler lilifutwa kwenye picha ya jiji la New York. Na mwaka 1959, si kwenye mchezo wake bali kwenye Judgment at Nuremberg wa Abby Mann, uliosimulia kesi ya majaji wa Kinazi, neno gesi lilizimwa sauti hewani kila lilipotajwa kuhusu vyumba vya mauaji, kwa sababu mmoja wa wadhamini alikuwa chama cha wauza gesi. Hapo mtu hacheki tena.

Kwa Serling jeraha kubwa lilikuwa Emmett Till. Till alikuwa kijana mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago aliyekwenda kuwatembelea ndugu zake Mississippi, akatekwa na kuuawa Agosti 1955. Wazungu wawili walioshtakiwa waliachiwa huru na baraza la wazungu watupu lililojadili kwa saa moja hivi. Miezi michache baadaye wakakiri kwa malipo katika gazeti moja, wakijua hawawezi kushtakiwa tena. Serling alitaka kuliandika. Sio kifo tu. Alitaka kuonyesha ule mji unaomkumbatia muuaji kwa sababu ni wa kwao.

Alijua jinsi mambo yalivyo, kwa hiyo akakata mapema mwenyewe. Kwenye Noon on Doomsday, ulioandikwa kwa ajili ya The United States Steel Hour, aliyeuawa alikuwa mzee Myahudi, si kijana mweusi. Lakini habari zikavuja magazetini kwamba mchezo unamhusu Till. Barua za hasira zikamiminika kutoka vyama vya wabaguzi wa Kusini. Wenye kipindi wakaingiwa na hofu. Mji ukahamishwa kutoka Kusini ukapelekwa New England, kaskazini kabisa. Aliyeuawa akawa mgeni tu asiye na kabila. Maneno yenye lafudhi ya Kusini yakafutwa. Hata chupa za Coca-Cola ziliondolewa kwenye seti, kwa kuwa zingeweza kumkumbusha mtazamaji Kusini. Ukarushwa Aprili 1956, na ukawa mchezo kuhusu hakuna.

Akajaribu tena. Mwaka 1958, kwenye Playhouse 90, akaandika A Town Has Turned to Dust. Wakakata tena. Kijana mweusi akawa Mmeksiko, na Mississippi ya juzi ikawa mji wa jangwani wa miaka ya 1870. Rod Steiger aliigiza vizuri sana, sifa zikaja. Till hakuwemo.

Baada ya hapo ndipo Serling akafanya uamuzi ambao kila anayeandika habari zake anausifu. Kama binadamu wa leo hawaruhusiwi kusema, waseme wa sayari nyingine. Tarehe 2 Oktoba 1959 kipindi chake The Twilight Zone kikaanza, safari hii kwa filamu iliyorekodiwa, si mubashara. Kilitoa hadithi 156, na 92 kati yake aliziandika yeye. Mtaa mtulivu unaingiwa na uvumi kuhusu wageni wa angani, majirani wanaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe; wadhamini wakaona ni hadithi ya angani, wakapitisha. Nyingine alizitoa kwa waandishi wengine, kama ile ya karani wa benki anayependa kusoma kuliko chochote, ambayo asili yake ni hadithi fupi ya Lynn Venable. Bomu linamaliza dunia, yeye anabaki peke yake na maktaba nzima na muda wote, halafu miwani inamdondoka na kuvunjika. Sisi wa msimu wa mitihani tunajua hofu hiyo.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Fasihi yetu imejaa mbinu hii, na wahadhiri wetu wanaipenda. Ukiona fisi anazungumza na sungura, ujue kuna mtu anatajwa. Kwa hiyo mwanzoni nilimwona Serling kama shujaa wa fumbo, na nikaanza kujifariji: labda mimi nami ningefanya binti wangu awe sungura, mkopeshaji awe fisi, soda zikanyweka kwa amani.

Lakini kuna mtu mwingine kwenye habari hii anayenizuia. Mama yake Till, Mamie, alipoletewa mwili wa mwanawe Chicago, aliamua jeneza libaki wazi. Uso ulikuwa haufai kutazamwa, na yeye akataka utazamwe. Maelfu walipita mbele yake, na gazeti la Jet likachapisha picha Septemba 1955. Hakutumia fumbo. Rosa Parks aliyekataa kusimama kwenye basi la Montgomery Desemba mwaka uleule alieleza baadaye kwamba alimfikiria Till. Serling, kwa kalamu yenye Emmy tatu, alishindwa kumwingiza kijana yule kwenye televisheni hata kwa jina la bandia. Mama aliyefiwa alimwingiza kila nyumba kwa kuacha mfuniko.

Sisemi Serling alikuwa mwoga. Alizungumza hadharani dhidi ya wadhamini wakati wao ndio wanaomlisha. Ninachosema ni kwamba fumbo lina bei ambayo hatuambiwi darasani: humlinda msemaji, na humlinda pia anayesemwa. Ukimpeleka muuaji kwenye sayari ya mbali, wa Mississippi anatazama, anafurahia hadithi, anakwenda kulala.

Na mwenyewe hakuwashinda wadhamini kabisa. The Twilight Zone kilidhaminiwa kwa muda na kampuni ya sigara, na Serling, mvutaji wa pakiti kadhaa kwa siku, alisimama mwisho wa kipindi akizinadi. Kilipofutwa mwaka 1964 akauza haki zake, na miaka ya mwisho sauti yake nzito ilitangaza bia na bidhaa nyingine. Wakati huohuo alikuwa akifundisha uandishi Ithaca College, na nasikia raha kujua hilo, kwamba yule msumbufu wa Binghamton alimaliza akiwa mwalimu. Moyo ulimsumbua mwaka 1975, akafanyiwa upasuaji Rochester, akafariki tarehe 28 Juni. Alikuwa na miaka 50. Hata ile miaka 52 aliyoishi baba yake hakuifikisha.

Ninayo bado nakala nzima ya igizo letu kwenye kompyuta, yenye kile kipande. Muhula huu kikundi kimeniomba niliandae upya kwa ajili ya wiki ya sanaa, na mdhamini ameshapatikana, mwingine safari hii. Mwenyekiti wetu, rafiki yangu kabisa, ameshanipigia simu kuuliza kama nimeweka mambo ya mikopo. Nimemwambia ndiyo, yapo, na binti ni binti, si sungura. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama tuna njia ya kupata ukumbi bila hela ya mtu.

Ndiyo tunayoitafuta sasa. Aliye na wazo, au turubai, au spika za kuazima, tuonane pale nyuma ya kafeteria jioni.